Chapa Haibebi Mihogo: Acheni Kugombania Boxer, TVS na Honda ya Zamani

"Bwana shamba, ninunue Boxer au TVS?"

Swali hili naulizwa mara nyingi kuliko swali la mbegu. Na mara nyingi anayeuliza anakuja na jibu lake mfukoni. Anachotaka ni mimi nimuunge mkono ili akamnyamazishe jirani yake. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na jibu langu halitawafurahisha watu wa Boxer, wala watu wa TVS, wala wazee wanaolilia Honda na Yamaha za zamani. Swali lenyewe ni bovu. Mnashabikia chapa kama mnavyoshabikia Simba na Yanga, na huku mkibishana, fedha ya mihogo, ya dagaa na ya pamba inavuja tone kwa tone barabarani.

Wapo watakaosema afisa ugani abaki na mahindi yake, pikipiki awaachie mafundi. Sikubali. Zao halijawa fedha mpaka lifike sokoni. Mkulima wa Butiama akivuna vizuri, kisha faida yote ikaishia kwenye pistoni na ringi, kazi yangu ya msimu mzima imepotea. Mama anayenunua samaki mwalo wa Mwigobero na kuwapeleka Kiabakari, pikipiki ikimfia njiani barafu haitamsubiri. Hapo ndipo hasara ilipo, na hapo ndipo ninapoingia.

Kambi tatu, ubishi mmoja

Pale Mwigobero, kivuko cha Kinesi kikiwa hakijashusha watu, vijiwe vya bodaboda vimegawanyika kama bunge.

Kambi ya kwanza ni ya Boxer. Hawa ndio wengi. Kwao pikipiki ni Boxer, nyingine zote ni majaribio. Ukiwauliza sababu, wanakujibu, "Boxer ni Boxer," kana kwamba hilo ni jibu.

Kambi ya pili ni ya TVS. Hawa wanasema HLX ina injini tulivu na inakaa vizuri barabarani, na kwamba watu wa Boxer wanafuata mkumbo.

Kambi ya tatu ni ya wazee, pamoja na vijana wachache waliolelewa na wazee hao. Kwao pikipiki ya kweli iliisha na Honda CG, Honda XL, Yamaha DT na Yamaha AG. Zile za misheni, za miradi na za mabwana shamba wa zamani. Zote za leo kwao ni mabati ya kuviringisha.

Kambi zote tatu zinakubaliana jambo moja tu: kuzicheka pikipiki za Kichina.

Sasa tuwasikilize mmoja mmoja, tuwapime kwa mizani.

Ukoo wao ni mmoja kuliko mnavyodhani

Bajaj ya India, inayotengeneza Boxer, ilikuwa kwanza maarufu kwa skuta. Pikipiki ilijifunza kwa kushirikiana na Kawasaki ya Japani kuanzia miaka ya 1980. Boxer zilizouzwa India mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibeba majina yote mawili kwa pamoja, Kawasaki na Bajaj.

TVS nayo ni ya India hiyo hiyo. Ilishirikiana na Suzuki ya Japani tangu miaka ya 1980 mpaka walipoachana mwaka 2001. Baada ya hapo ikaendelea peke yake.

Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, na kisa chake ni kizuri kukijua. Wahandisi wa Honda walikwenda kutazama watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki. Wakaona wanabeba kupita kiasi, na oili haibadilishwi mpaka iwe kama lami. Hawakuandika barua ya kuwalaumu. Waliunda injini ya kuvumilia uzembe huo: badala ya cheni ya taimingi inayopanda hadi juu ya silinda, wakaweka fimbo ndogo za chuma za kusukuma valvu. Vitu vya kulegea na kukatika vikapungua.

Injini hiyo ilipendwa duniani kote, na viwanda vya China vikainakili kwa wingi sana. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 mnazozicheka vijiweni zina injini iliyotokana na mchoro huo wa CG. Kwa hiyo mzee anayeisifu Honda yake huku akimtukana kijana mwenye ya Kichina, anasifu na kutukana mchoro uleule.

Msinielewe vibaya. Mchoro mmoja haufanyi vitu viwili kuwa sawa. Chuma kinatofautiana, beringi zinatofautiana, na umakini wa kiwandani unatofautiana. Mbegu mbili zinaweza kutoka kwa mzazi mmoja, moja ikatunzwa vizuri na nyingine ikachanganywa na makapi. Lakini mkulima mwenye akili hauliti jina la mzazi kwa fahari. Anapima uotaji. Chapa ni jina la mzazi; kazi ya kupima bado ni yako.

Boxer ilishinda kwa haki, ila si kwa sababu mnazozitaja

Nawapa watu wa Boxer haki yao. Boxer haikushinda kwa bahati. Ilishinda kwa mambo manne: spea zake zinafika mpaka dukani kijijini, karibu kila fundi anaijua hata usiku, inakula mafuta kidogo, na ukitaka kuiuza humkosi mnunuzi. Kwa mtu wa kipato kidogo, sababu hizo nne ni nzito, na mimi sina ubishi nazo.

Lakini tazameni vizuri: hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo ndani ya jina. Tatu ziko mahali ulipo, na ya nne iko kwenye ukubwa wa injini na mkono wa dereva. Kama kijijini kwako fundi mzuri ni wa TVS na duka la jirani lina spea za TVS, basi kwako TVS ndiyo yenye sifa za Boxer. Kama uko kisiwani au ndani kabisa Majita, na fundi pekee amezoea injini za aina ya CG kwa miaka 15, basi ile ya Kichina unayoicheka inaweza kukuhudumia kuliko zote mbili.

Kuna upande wa pili wa kupendwa ambao watu wa Boxer hawausemi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kitu kinachonunuliwa na kila mtu ndicho kinachogushiwa na kila tapeli. Mtengenezaji wa spea feki hapotezi muda kughushi kitu kisichotafutwa, anaghushi kinachouzika. Ndiyo maana unasikia mtu analalamika, "Boxer za siku hizi si kama zile za kwanza," kumbe ile Boxer aliyo nayo imebakiwa na tangi na namba ya fremu tu; mengine yote ni feki aliyoyanunua mwenyewe kwa kufuata bei ya chini. Na wezi nao ni wafanyabiashara: wanapenda kuiba kinachouzika haraka, kizima au vipande.

Hivyo ukinunua chapa inayopendwa, umenunua pia wajibu wa kuwa macho. Nenda dukani na spea ya zamani mkononi, ilinganishe na mpya kwa uzito na kwa maandishi. Dai risiti. Bei ikiwa chini kupita kawaida, jua kuna mtu atakayelipa tofauti hiyo, na mtu huyo si mwenye duka.

Wazee, na Honda isiyokufa

Nawaheshimu wazee wangu, lakini hapa nitawapinga.

Mnasema pikipiki za zamani hazifi. Nasema mnaziona zile ambazo hazijafa. Zile zilizokufa hamzioni, kwa sababu ziliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na nyingine zimekuwa meza za karakana. Ukihesabu wazee wa miaka 90 kijijini ukasema zamani watu hawakufa mapema, utakuwa umesahau kuhesabu makaburi.

Jambo la pili. Pikipiki ya bwana shamba wa zamani au ya padre ilikuwa na dereva mmoja. Ilibeba mtu mmoja na mkoba. Ilikuwa na daftari la matengenezo, na ilipofika siku yake ya oili ilibadilishwa oili hata kama ilikuwa inanguruma vizuri. Boxer ya leo inaamka saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku, inapigwa mshikaki wa watu watatu, jioni inabebeshwa gunia, na madereva wake ni wawili wasioambizana ilichougua. Mpe mzee Honda yake mpya kabisa ya mwaka 1980, muiingize kwenye kazi hiyo, muone kama itafika Krismasi mbili.

Jambo la tatu ni spea. Yamaha DT na AG nyingi za zamani ni injini za kuchoma oili pamoja na petroli. Ukisahau oili yake siku moja, pistoni inakwama. Spea zake leo ni za kutafuta kwa simu, au fundi akuchongee, au akuungieungie ya pikipiki nyingine. Kwa mtu anayeipenda kama kumbukumbu, sawa. Kwa mtu ambaye samaki wake wako kwenye tenga, hapana.

Na jambo la nne: pikipiki nyingi za zamani zimepita mikono mingi na kadi imebaki kwa mtu wa tatu nyuma, pengine ni marehemu. Usipoweza kuhamisha umiliki, umenunua kesi.

Hata hivyo, zipo hekima mbili ndani ya zile za zamani ambazo vijana mmezitupa. Yamaha AG ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba: ina keria imara, na cheni yake imefunikwa yote isiingiwe na vumbi wala tope. Boxer nyingi nazo zinatoka na kava ya cheni, na kazi ya kwanza ya kijana akishainunua ni kuing'oa ili ionekane ya kisasa! Hekima ya pili ni madigadi. Honda XL na Yamaha DT zina madigadi ya mbele iliyo juu, mbali na tairi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga upande wa Bunda, wakati wa masika, tope linajaa kati ya tairi na madigadi ya chini mpaka tairi linakataa kuzunguka. Mzee aliyekuwa anapita bila kushuka hakuwa mchawi. Pikipiki yake iliundwa kwa njia hiyo. Fundi mzuri anaweza kukuinulia madigadi ya Boxer au TVS kwa fedha kidogo. Hapo mzee amekufundisha kitu, na hukuhitaji kununua Honda yake.

Tupige hesabu mliyokataa kupiga

Ubishi mkubwa kijiweni ni mafuta. "Yangu inakwenda mbali kwa lita moja kuliko yako." Haya, tuichukue hoja hiyo kwa uzito wake wote. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za kwako.

Tuseme unaendesha kilomita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 9,000. Pikipiki moja inakwenda kilomita 45 kwa lita, nyingine 40. Ya kwanza itatumia lita 200 kwa mwaka, ya pili lita 225. Tofauti ni lita 25. Kama lita ni shilingi 3,000, tofauti ni shilingi 75,000 kwa mwaka mzima.

Sasa njoo kwenye oili. Kwa kazi ya mzigo na vumbi la kwetu, badilisha oili kila kilomita 1,500. Kwa kilomita 9,000 utabadilisha mara 6. Kama chupa ni shilingi 12,000, utatumia shilingi 72,000 kwa mwaka.

Mmeona? Fedha mnayoigombania kwenye chapa karibu inalingana na fedha ya oili ya mwaka mzima. Na wengi wanaopayuka kuhusu mafuta ndio wanaopitiliza oili, wanaongeza kidogo juu ya ile nyeusi na kusema imetosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeokoa shilingi 12,000 ya chupa anakuja kulipa silinda, pistoni, ringi na siku za kukaa bila kazi. Hapo hata tofauti ya mafuta ya miaka mitatu haitoshi kufidia.

Ongeza na haya: tairi lisilo na upepo wa kutosha, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, cheni iliyokazwa kupita kiasi na kabureta iliyochezewa vinakula mafuta kuliko tofauti yoyote kati ya Boxer na TVS. Kichujio cha sponji kinafuliwa kwa maji ya sabuni, kinakaushwa, kinapakwa oili kidogo na kurudishwa. Kazi ya nusu saa. Wanaofanya hivyo kila mwezi wakati wa kiangazi ni wachache.

Kinachotofautisha kweli: mzigo na njia

Hakuna Mjita wala Mzanaki anayenunua maksai kwa rangi ya ngozi. Anatazama kwato, anapapasa mabega, anauliza amelima misimu mingapi. Iweje pikipiki, yenye bei ya kuwazidi maksai wako, uinunue kwa jina?

Anza na ukubwa wa injini. Tofauti kati ya cc 100 na cc 150 za chapa moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya cc 125 ya Boxer na cc 125 ya TVS. Hizo mbili za mwisho zote zina silinda moja, zote zinapozwa kwa hewa, na kwenye kazi ya kijijini ni vigumu kusema ipi imeishinda nyingine. Lakini mtu anayepanda vilima vya Butiama na gunia kwa cc 100 anaua injini kila siku, na mtu anayekwenda peke yake shambani kilomita 4 kwa cc 150 anachoma fedha bure. Watu hawaulizani "cc ngapi kwa mzigo gani". Wanaulizana "chapa gani".

Njoo kwenye mzigo wenyewe. Dagaa wakavu ni wepesi lakini gunia lao ni pana. Adui yao ni upepo na lori linalokupita kwa kasi. Sangara kwenye barafu ni wazito na wanadondosha maji. Maji hayo yakishuka kwenye cheni, rimu na boliti, kutu haitaki kujua chapa. Weka nailoni nzito ndani ya tenga, osha sehemu ya nyuma ya pikipiki kila jioni, kisha paka cheni oili. Mihogo na mahindi ni uzito mtupu. Magunia mawili ya kilo 100 na dereva wa kilo 70 ni kilo 270. Pikipiki yenyewe ina uzito wa kati ya kilo 110 na 125. Umeibebesha zaidi ya mara mbili ya uzito wake, kisha unaisifu kwamba "inavuta". Kuvuta si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kusimama, na kwenye mteremko breki za ngoma zilizopata moto hazijui kama ni Boxer, TVS wala Honda ya mwaka 1976. Watu wanazikwa kwa hesabu hii, ndugu zangu, siyo mashine tu.

Kama kazi yako ni kuvuta mizigo ya wastani kwenye vilima, muulize fundi kuhusu sproketi. Sproketi ya nyuma yenye meno mengi kidogo kuliko ile iliyokuja na pikipiki inapunguza mbio na kuongeza nguvu ya kupanda. Ni badiliko la bei ndogo, na kwa mkulima lina faida kuliko kuuza Boxer ununue TVS, au kuuza TVS ununue Boxer.

Na kama kila wiki una magunia kumi ya kupeleka, jibu lako si pikipiki ya magurudumu mawili ya chapa yoyote. Jibu ni kuungana na wenzako wanne mkodi guta la injini au Canter mara moja, mkagawana gharama. Safari tano za pikipiki zilizojaa ni mafuta mara tano, hatari mara tano na siku nzima imepotea.

Vijana wameanza kuniuliza pia kuhusu pikipiki za umeme. Kigali na Nairobi zinafanya kazi kwa sababu kuna vituo vya kubadilishia betri mjini kote. Kipimo ni kilekile: betri ikiisha Nyamuswa, utaichajia wapi, kwa muda gani, na ikiharibika nani ataifungua? Ukiwa na majibu, nunua. Ukiwa huna, subiri. Upya wa kitu si sababu, kama vile uzee wa kitu usivyo sababu.

Mkataba: hapa ndipo chapa inapowanyonga

Nimeacha jambo chungu mwisho. Ushabiki wa chapa ungekuwa mchezo tu kama kila mtu angelipa taslimu. Lakini wengi wanachukua pikipiki kwa mkataba, na jina linawafanya wasisome karatasi. "Ilimradi ni Boxer mpya, nipe nisaini."

Piga hesabu. Tuseme mkataba ni shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 52. Hiyo ni shilingi 3,120,000. Ilinganishe na bei ya dukani ya siku hiyo, ujue riba yako halisi ni kiasi gani. Kisha jiulize swali ambalo hakuna kijiwe kinachouliza: siku deni litakapoisha, pikipiki hii itakuwa hai? Ukikabidhiwa mashine baada ya kilomita elfu nyingi za mshikaki na oili nyeusi, umelipia mzoga, na jina lililoandikwa tangini halitaufufua.

Kwa mkulima nasema wazi: usisaini mkataba wa malipo ya kila siku kama huna kipato cha kila siku. Pamba inauzwa katikati ya mwaka. Mihogo inangoja mnunuzi. Deni la kila siku haliwezi kulishwa na zao la msimu. Litalishwa na mbuzi, kisha na maksai, kisha na kipande cha shamba. Kuuza maksai wanaolima ili umnunulie kijana pikipiki ya jina ni kukata tawi ulilokalia. Afadhali uweke akiba kwenye kikundi misimu miwili, ununue ya mkononi iliyotunzwa, ya chapa yoyote ambayo fundi wako anaijua.

Maswali saba kabla ya kutoa fedha

Ukiacha ushabiki, yanabaki maswali saba. Yaandike kwenye karatasi, uende nayo dukani.

1. Mzigo wangu wa kawaida ni kilo ngapi, nikijihesabu na mimi mwenyewe? Linganisha na uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Muuzaji asiyekuwa na kitabu, mwambie akitafute.

2. Njia yangu ni lami, changarawe, kilima au mbuga? Na wakati wa masika inakuwaje?

3. Fundi wangu wa karibu anaijua injini ipi? Usiulize fundi wa mjini. Uliza yule utakayeisukuma kwake.

4. Plagi, klachi, cheni, waya wa breki na mpira wa tairi wa saizi hiyo vinapatikana umbali gani kutoka nyumbani?

5. Kwa mwaka nitaendesha kilomita ngapi, na mafuta, oili, tairi na bima vitakula kiasi gani? Usinunue kabla hujapata namba hiyo.

6. Kadi ina jina la nani? Namba ya fremu na ya injini zinalingana na kadi? Hakikisha kabla ya kutoa fedha, na uhamishe umiliki TRA baada ya kununua.

7. Bei imebakiza fedha ya kofia mbili ngumu, ya kwako na ya abiria, na ya leseni ya yule atakayeendesha? Kama haikubakiza, pikipiki hiyo huimudu bado, iwe chapa gani.

Mtu akishajibu saba hizo kwa ukweli, mara nyingine atatoka na Boxer, mara nyingine na TVS, mara nyingine na ile ya Kichina aliyokuwa akiicheka, na mara nyingine atatoka mikono mitupu akakodi guta na wenzake. Yote manne ni majibu sahihi, kwa sababu yametoka kwenye mzigo wake na njia yake.

Kisha nunua daftari la kurasa 40. Andika kilomita kila ukiweka mafuta, kila ukibadilisha oili, kila ukilipa fundi. Baada ya miezi sita utakuwa na hoja kuliko kijiwe kizima. Siku hiyo akija mtu kukuambia "Boxer ni Boxer" au "Honda ya zamani haifi", usibishane naye. Mwombe daftari lake.